Lori namba 128

Kuna mzee mmoja ana ghala Ngamiani, anapokea machungwa kutoka Muheza, mengine yanabaki hapahapa Tanga na mengine yanaendelea na safari. Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia programu. Sio programu ya kutisha, ni daftari tu lililohamishiwa kwenye kompyuta: lori likiingia dereva anapewa stakabadhi yenye namba, likimaliza kushusha karani anachapa ile namba, programu inalitafuta lori, inafunga hesabu, dereva analipwa anaondoka. Nyumbani nilijaribu na malori ya uongo kama 20 hivi, ikapita. Ghalani tukajaribu siku tatu, ikapita. Nikalipwa nusu ya hela, nusu nyingine mwisho wa msimu, na hiyo nusu ya pili ndo inafanya niikumbuke vizuri hii stori.

Wiki ya pili simu ikaita. "Kijana, njoo uangalie hiki kitu chako, kinamkataa dereva."

Shikamoo mzee, marahaba, haya lori lenyewe liko wapi. Lori liko pale nje, dereva kakaa chini ya mwembe kanuna, stakabadhi mkononi imeandikwa 128, kwenye skrini orodha inaonyesha kabisa lori 128 limeingia saa mbili asubuhi, karani anachapa 128, programu inajibu lori halijapatikana. Anachapa tena. Halijapatikana. Mzee akaniangalia mimi, akaangalia skrini, akaangalia lori. "Sasa hii 128 na hii 128 zina tofauti gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya nakagua waya.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba malori 127 ya kwanza yote yalipita bila neno. 128 ikagoma, 129 iliyokuwa foleni nyuma yake nayo ikagoma, nikarudi kujaribu 90 ikakubali, 127 ikakubali. Hapo ndo nikaanza kuhisi kitu, maana mtu yeyote aliyegusa kompyuta kidogo akiona mpaka wa 127 na 128 anajua huo sio mpaka wa machungwa, huo ni mpaka wa mashine.

Nilikuwa nimeandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na ile namba ya lori niliitangaza kama Integer, yenye I kubwa, badala ya int ya kawaida, sababu karani mara nyingine anaacha nafasi wazi na int haikubali kuwa tupu. Kulinganisha nikaweka == kama ninavyoweka siku zote, mkono unaandika wenyewe. Sasa kwenye Java int ni namba yenyewe, ila Integer ni kisanduku chenye namba ndani, na ukiweka == kati ya visanduku viwili haiulizi namba zilizomo zinafanana au la, inauliza hiki ni kisanduku kilekile? Na kwa nini 127 za kwanza zilipita? Kwa sababu Java ina ubahili wake. Visanduku vya namba kuanzia -128 mpaka 127 vimeshatengenezwa mapema viko kabatini, kila anayehitaji kisanduku cha 5 anapewa kilekile cha 5. Ukifika 128 kabati limeisha, kila anayeomba anatengenezewa kipya. Kwahiyo 128 ya kwenye orodha na 128 aliyochapa karani ni visanduku viwili, ndani kitu kimoja, na mimi nilikuwa nalinganisha mbao.

Kurekebisha ni dakika mbili, unaandika equals badala ya ==, basi. Dereva akalipwa akaondoka bila kuaga. (Nusu ya pili nililipwa, ila mzee alikata kidogo, na sikubisha.)

Ila usiku ule sikulala vizuri. Sio kwa aibu, aibu ilishazoeleka. Kilichonikera ni ile alama. Nimeandika == moja, alama mbili tu kwenye kibodi, na kompaila, yaani ile programu inayogeuza nilichoandika kuwa amri za mashine, kaichukua kaifanya kitu kimoja hapa na kitu kingine pale, bila kuniuliza, bila hata kukohoa. Nikafungua ile faili ya darasa, ile inayotoka kompaila ikimaliza kazi, kwa javap, kifaa cha Java cha kusomea amri, kuona kilichoandikwa ndani, na aisee kipo wazi kabisa. Ukilinganisha int mbili kwenye sharti, kompaila ya Java inatoa amri inayoitwa if_icmpne, ambayo ni namba 160. Ukilinganisha Integer mbili inatoa if_acmpne, namba 166. Tofauti ni herufi moja, i na a. Hiyo a ndo ilimnunisha dereva wa watu. Na ukiweka int upande mmoja na Integer upande wa pili, kompaila inafungua kisanduku kwanza halafu inalinganisha namba, kwahiyo inapita, kwahiyo unaweza ukawa na bagi (kosa la programu) ileile sehemu mbili za programu moja na sehemu moja isionekane milele.

Kitu kingine kilichonichekesha, uliandika "kama ni sawa fanya hivi", yenyewe imegeuza, inasema "kama SI sawa ruka huu mzigo". Ina akili kuliko inavyoonekana, kazi yako imewekwa palepale chini, kuruka ni kwa yule ambaye sharti limemkataa. Na mashine ya Java haina kabisa amri ya kulinganisha int mbili na kukuachia jibu la kweli au uongo mkononi. Ukitaka jibu liwekwe kwenye kigeuzi, yaani jina linaloshika thamani, kompaila inajenga kwa kuruka: ruka hapa weka 1, ruka pale weka 0. Ukweli kwenye mashine ni mahali ulipoangukia tu.

Basi nikaamua kuandika kompaila yangu. Najua, mtu mwenye akili angeenda kulala. Lugha yenyewe nikaiita Tenga, kwa heshima ya machungwa, na ndio, iko karibu na Tanga, nilifurahia hilo kuliko inavyostahili. Kwa asiyejua kompaila inafanya nini: inasoma ulichoandika, inakijenga kama mti, yaani ukiandika bei + 5 == jumla inapata tawi la == lenye matawi mawili, kushoto kuna + yenye bei na 5, kulia kuna jumla. Halafu inautembelea mti, inaukagua, inaupunguza matawi yasiyo na kazi, mwisho inaandika amri za mashine. Swali la kwanza kabisa ni pale kwenye tawi uandike nini. Yaani nodi, hilo tawi lenyewe, ya + na ya == unaiwakilisha vipi ndani ya kichwa cha kompaila?

Njia ya kwanza niliyoiona nzuri sana ni kusema + ni funksheni, kipande cha programu chenye jina unachokiita kikufanyie kazi, kama funksheni nyingine, jumlisha(a, b), na == ni funksheni sawa(a, b), kila kitu kinakuwa wito wa funksheni, mti wote unakuwa na aina moja ya nodi, msafi kama kanzu ya Ijumaa. Shida ikaja nilipotaka kuandika hiyo jumlisha yenyewe. Ndani yake niandike nini? Niandike a + b? Kompaila inaona +, inaigeuza kuwa wito wa jumlisha, ambayo ndani ina +, ambayo ni wito wa jumlisha. Nilikaa naiangalia kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Mama yangu ukimuuliza samaki wa nazi anampikaje atakwambia vyote, tui zito mwisho, ndimu, bizari, na kila kimoja ukimuuliza kinatoka wapi ana maelezo, tui ni nazi imekunwa ikakamuliwa, bizari imesagwa. Ukifika kwenye chumvi anakuangalia tu. Chumvi ni chumvi. Kompaila nayo lazima iwe na chumvi yake, vitu vichache ambavyo havijaandikwa kwa lugha yenyewe, haviwezi kufunguliwa zaidi, kompaila inavijua tu na inajua kila kimoja kinageuka amri gani. Hizo ndo wanaziita primitivu, opareshini za msingi. Kwenye mti zinakuwa na nodi yao maalum: jina la opareshini, na hoja zake, yaani vitu inavyovifanyia kazi. Ukikutana nayo usitafute maelezo, iteremshe hivyohivyo.

Lugha inayoitwa OCaml inafanya hili kwa uwazi ambao niliupenda. Kwenye maktaba yake alama ya = imetangazwa kama kitu cha nje chenye jina "%equal", na ile asilimia mwanzoni ni kama kukonyeza jicho, inamwambia kompaila hii usiitafute kwenye faili lolote, hii ni ya kwako. Halafu kompaila ikifika kwenye tawi hilo inaangalia aina za hoja. Ikijua ni namba kamili, inaandika ulinganishaji wa namba, amri moja ya prosesa na kazi imeisha. Ikijua ni namba za desimali inatumia ule wa desimali. Maandishi yana funksheni yao. Na ikiwa haijui, maana hapo ulipoandika aina bado haijulikani, inaita funksheni kubwa ya C inayoitwa caml_equal ambayo inaingia ndani ya vitu vyote viwili inavilinganisha kipande kwa kipande. Kazi inafanyika ila ni sawa na kumwita fundi mkuu kuja kufungua soda. Na ukimpa funksheni mbili azilinganishe anakataa kabisa, anatupa kosa, kwa sababu hakuna njia ya jumla ya kujua kama funksheni mbili zinafanya kazi ileile.

OCaml hiyohiyo namba 5 haiihifadhi kama 5. Inaihifadhi kama 11. Kila namba n inakuwa mara mbili jumlisha moja, ile biti ya mwisho (biti ni 0 au 1 moja ya mashine) ni alama ya kusema mimi ni namba sio anwani ya kitu kwenye memori. Kwahiyo namba zake kwenye mashine ya biti 64 zinabaki na biti 63. Sasa 5 + 7 kwenye mashine ni 11 na 15, ukijumlisha unapata 26, unatoa 1 inakuwa 25, na 25 ni vazi la 12. Kujumlisha kunahitaji hicho kijikazi cha ziada. Lakini kulinganisha usawa hakuhitaji chochote, 11 na 11 ni sawa kama 5 na 5 zilivyo sawa, huna haja ya kuvua nguo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Raskazone, abiria wa pembeni akasogea.

Turudi kwenye Tenga, maana bado sijasema kosa langu kubwa. Toleo la kwanza nodi yangu ya kulinganisha niliiita SAWA, moja tu, ikabeba hoja zake mbili ikashuka nazo mpaka chini kabisa kwenye kuandika amri. Nilijiambia nitaamua ni sawa ya aina gani nikifika huko. Bwana wee. Kila sehemu ya kompaila iliyokutana na SAWA ilibidi iulize upya: hivi hizi ni namba? ni maandishi? ni orodha? Sehemu ya kupunguza matawi inauliza, sehemu ya kupanga rejista, vile vijihifadhi vya ndani ya prosesa, inauliza, sehemu ya kuandika inauliza, na kila sehemu nimeandika majibu yangu kwa mkono na sehemu mbili zinatofautiana. Kodi yote (sio ile ya TRA) ikajaa maswali yaleyale. Ni kama mzigo uliotoka Muheza bila karatasi, kila kizuizi unafunguliwa tenga uoneshe.

Toleo la pili, uamuzi unafanyika mara moja, palepale aina zinapojulikana, na baada ya hapo hakuna SAWA tena kwenye mti. Kuna SAWA_NAMBA, SAWA_DESIMALI, SAWA_MAANDISHI, SAWA_ANWANI. Zina majina mabaya lakini hazina ubishi. Nilikuja kuona LLVM, ambayo ni mitambo ya kompaila wanayotumia watu wengi, nayo imekaa hivyo: kuna icmp kwa namba kamili na fcmp kwa desimali, mbali kabisa. Icmp ina namna 10 za kulinganisha, na ukiangalia utaona usawa una moja tu, eq, wakati "ndogo kuliko" ziko mbili, moja ya namba zenye hasi na moja ya namba zisizo na hasi. Inaeleweka ukikaa nayo: biti zikifanana zimefanana, haijalishi unazisoma vipi, lakini ipi ndogo inategemea unasoma ile biti ya kwanza kama alama ya hasi au kama thamani.

Na chini kabisa, kwenye prosesa yenyewe, usawa ni kutoa. Hili ndo nalipenda kuliko yote. Kwenye prosesa za Intel amri ya cmp inatoa b kutoka a, jibu inalitupa, inabakisha vibendera tu: ilitoka sifuri? ilitoka hasi? Halafu amri inayofuata inaangalia kibendera cha sifuri inaamua kuruka. Nenda soko la Mgandini umwone mwenye mizani ya zamani ya mabakuli mawili na mawe, kile chuma hakimwambii nyama ina uzito gani, kinamwambia upande upi umezidi au mkono umetulia katikati. Analinganisha bila kupima. Lugha ya Fortran ya kwanza kabisa, 1957, ilikuwa mizani tupu, haikuwa na alama ya kuuliza sawa, ulikuwa unaandika IF, unaweka a-b kwenye mabano, halafu unataja sehemu tatu za kwenda: ya hasi, ya sifuri, ya chanya. Alama ya = yenyewe ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, mistari miwili sambamba, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Miaka 400 kamili baadaye Fortran ikaichukua = ikaifanya ya kuweka thamani kwenye kigeuzi, na ndo maana leo mimi na wewe tunachapa mbili.

Sio kila prosesa ina vibendera lakini. RISC-V, familia nyingine ya prosesa, haina kabisa, amri yake ya beq inalinganisha rejista mbili na kuruka humohumo. Kompaila yako kama ulishaamini kwamba kulinganisha na kuruka ni vitu viwili, utaumia kidogo ukihamia huko. Mi sijahamia.

Desimali ndo zilinitia adabu. Nilikuwa na kijisheria kwenye kompaila, nakipenda sana, kwamba mtu akiandika x == x basi hapo hapo weka kweli, usisumbue mashine. Nani atabisha, kitu ni sawa na chenyewe. Kumbe kuna NaN, ile isiyo namba, unayoipata ukigawa sifuri kwa sifuri ya desimali. Kanuni za IEEE 754 za 1985, zile zinazosimamia namba za desimali kwenye kompyuta, zinasema NaN si sawa na kitu chochote, hata yenyewe. Na watu wanaitegemea hiyo, ni njia ya zamani ya kuikamata: kama x si sawa na x basi x ni NaN. Kompaila yangu ilikuwa inafuta kipimo chao na kuwaambia kila kitu kiko salama. Upande wa pili, sifuri chanya na sifuri hasi biti zake ni tofauti ila zinatakiwa kuwa sawa, kwahiyo hata kulinganisha biti kwa biti huwezi. Intel wana amri ya ucomisd kwa hizi desimali, na ikikutana na NaN inainua kibendera cha sifuri kama vile ni sawa, halafu inainua na kingine cha pembeni kusema usiniamini, kwahiyo kompaila lazima iangalie vyote viwili. Nilivyoiona hiyo nikasema afadhali ya yule dereva.

Sasa kijisheria changu bado kipo, ila kimefungwa kwenye SAWA_NAMBA peke yake, na niliweza kukifunga hivyo kwa sababu tu mti unajua ni sawa ya aina gani. Kwa SAWA moja ya toleo la kwanza ningekifunga wapi?

Kilichobaki ni alama zenyewe, mtumiaji aandike nini. Lugha ya Common Lisp ina eq, eql, equal na equalp, nne, na nimeona watu wazima wanabishana ipi utumie. Python ina == na is, na nayo kwenye matoleo mengi ina kabati lake la namba, kuanzia -5 mpaka 256, kwahiyo anayetumia is kwenye namba atakutana na lori lake namba 257. Mimi nikaona Kiswahili kimeshanimalizia kazi. Jirani zangu Makorora wana mapacha, Kulwa na Doto, sura moja, sare moja, mpaka mwalimu anawachanganya. Utasema wanafanana, utasema wako sawa, lakini hakuna mtu hapa Tanga atakayesema Doto ni yuleyule Kulwa. Hata mtoto hakosei hapo. Kwahiyo kwenye Tenga unaandika a sawa b ukiuliza thamani, na a ndiyo b ukiuliza kama ni kitu kilekile, na ndiyo kwenye namba kompaila inakataa, haipiti hata hatua ya kwanza. Bagi ya machungwa haiandikiki.

Orodha bado zinanipa tabu. Orodha mbili ziko sawa zikiwa na vitu sawa kwa mpangilio uleule, haya, lakini orodha inaweza kujibeba yenyewe ndani, na ukilinganisha mbili za hivyo unazunguka mpaka memori iishe. Na orodha ya desimali yenye NaN ndani, je iko sawa na yenyewe? Nimebadilisha mawazo mara tatu. Kwa sasa ukiandika sawa kati ya orodha mbili Tenga inasimama, inakuonyesha mstari, na inaandika "sawa ipi?" halafu inakusubiri.